Paketi za bure ndani ya programu, na majina ya waliokimbia vita

Familia ya waliokimbia vita inapofika mahali pa kuandikishwa, kitu cha kwanza inachoombwa ni majina. Jina la baba, jina la mama, hesabu ya watoto, kijiji walikotoka, nambari ya telefone, na mara nyingine alama za vidole. Anayeandika anajulikana: ni kijana mwenye jile la shirika na tableti mkononi. Kiongozi wa kambi anamjua, na kukiwa na malalamiko kuna mtu wa kuuliza. Lakini ndani ya tableti ile kuna kazi ya watu wengine wengi ambao hakuna aliyewahi kuwaona, wala mashirika hayana hesabu yao. Ni wao walioandika sehemu kubwa ya programu inayopokea majina yale. Wengi ni watu wema. Mmoja akiwa mwizi, kijana mwenye jile hatajua, na familia haitajua hata kidogo.

Jambo hili halizungumzwi sana Goma, Bukavu wala Bunia, ijapokuwa vijana wanaotunga programu wanaongezeka. Wanatunga aplikasio za kuandikisha wanafunzi, za kuhesabu bidhaa za duka, za vikundi vya akiba vya AVEC, za mashirika madogo yanayogawa unga na mafuta. Wengi wamejifunza kwa video na kwa kuulizana, na kazi yao ni nzuri. Ila kuna swali moja ambalo ni wachache wanaojiuliza: kode hii niliyoiazima kwa mtu nisiyemjua, nani ameisoma?

Maana programu za leo hutungwa kwa kuazima. Kijana anayetaka programu yake isome tarehe haandiki hesabu za tarehe mwenyewe. Anachukua kode iliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine, akaiweka ndani ya kazi yake. Kode hiyo huitwa paketi. Kuna maghala makubwa ya paketi kwenye intaneti: la watu wa JavaScript linaitwa npm, nalo lina paketi zaidi ya milioni 2, la watu wa Python linaitwa PyPI. Zote ni za bure. Mstari mmoja wa amri unatosha, na paketi inashuka. Tena paketi moja inahitaji nyingine, na ile nyingine inahitaji zingine kumi, hivi kwamba kijana amekaribisha mgeni mmoja na ukoo mzima umeingia ndani. Akifungua folda ya kazi yake anakuta paketi 300 au 500 ambazo hakuzitaja hata moja.

Machi 2016 dunia ilipata kuona jinsi watu wanavyotegemeana katika mambo haya. Mtunzi mmoja alikasirika kwa ugomvi wa jina, akaondoa paketi zake zote kwenye npm. Moja yao, left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu. Kazi yake ni kuongeza nafasi mbele ya maneno ili yakae sawa. Programu nyingi zilikataa kujengwa siku ile, hata za makampuni makubwa. Hapo hapakuwa na wizi wowote. Lakini mtu mwenye nia mbaya aliyekuwa anaangalia alipata somo lake: mistari michache ya mtu asiyejulikana inaweza kukaa ndani ya maelfu ya programu bila wenyewe kufahamu.

Kisa cha event-stream kinafaa kuelezwa polepole, kwa sababu kinaonyesha mwizi anavyoingia. Hiyo nayo ilikuwa paketi ya npm, na mwaka wa 2018 ilikuwa inashushwa karibu mara milioni 2 kila wiki. Mwenye kuitunga, Dominic Tarr, alikuwa ameiandika miaka mingi nyuma. Hakuwa anaitumia tena na hakuna aliyekuwa anamlipa. Mtu asiyemjua akamwandikia imeli, akasema yuko tayari kuitunza. Tarr akampa. Yule mtu hakuanza na ubaya. Alianza kwa kurekebisha vitu vidogo, kama mfanyakazi mpya anayetaka kupendwa. Septemba 2018 akaongeza ndani yake paketi nyingine ndogo, flatmap-stream, nayo baadaye ikabeba kode iliyofichwa kwa maandishi ya siri.

Kode ile ilikuwa na subira. Kwa watu karibu wote haikufanya chochote. Ilikuwa inasubiri kujikuta ndani ya aplikasio moja tu, Copay, iliyokuwa inatunza pesa za bitcoin. Ikifika huko, inaangalia salio. Mwenye bitcoin zaidi ya 100 ananyang'anywa funguo za akaunti yake. Watunzi wa Copay hawakuwa wamemwita mwizi huyo. Walikuwa wamechukua paketi iliyochukua paketi. Iligunduliwa mwezi wa Novemba na mwanafunzi wa chuo kikuu huko California aliyejisumbua kufuatilia onyo dogo lililotokea kwenye mashine, lile onyo ambalo watu wengi hulipita bila kulisoma.

Tarr alilaumiwa sana. Alijibu waziwazi kwamba yule mtu aliomba, naye akampa, kwa kuwa yeye hakuwa anapata chochote kwa kuitunza. Lawama ile haikuwa ya haki. Makampuni yenye pesa yalitumia kazi yake miaka na miaka bila kumtumia hata franka moja, halafu yakashangaa kwamba mlinzi wasiyemlipa alikwenda kulala. Anayekula kwa mtu kila siku bila kupeleka hata kuni hana haki ya kupiga kelele siku ugali unapokosekana.

Miaka sita baadaye jambo lilelile lilirudi, safari hii likiwa kubwa zaidi. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, fundi wa Microsoft, aliandika kwa watu wote kwamba ndani ya programu ya xz, inayobana mafaili na kukaa ndani ya mifumo mingi ya Linux, kuna mlango wa siri. Mwenye funguo yake angeweza kuingia kwenye serveri za watu na kufanya anachotaka. Freund hakuwa anatafuta mwizi. Alikuwa anapima kasi ya kitu kingine, akaona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengine wangesema ni koneksio.

Aliyeweka mlango ule alijiita Jia Tan. Alikuwa amefanya kazi kwenye xz kwa zaidi ya miaka miwili, kwa heshima na bidii, mpaka akaaminiwa. Mtunzaji wa zamani, Lasse Collin wa Finland, alikuwa ameandika hadharani mwaka wa 2022 kwamba nguvu zake zimepungua na kwamba kazi hiyo haina mshahara. Majina mengine yasiyojulikana yalikuwa yanamsukuma kwenye imeli: unachelewa, mwachie mtu mwingine. Ni mbinu ambayo watu wa Kivu wanaielewa bila kuwa wataalamu wa informatike. Mzee amechoka, anatokea kijana mwenye adabu wa kumsaidia shamba, majirani wasiojulikana wanatoka kila upande kumsifu kijana huyo, na siku moja karatasi ya shamba imebadilika jina.

Kuna wizi mwingine usiohitaji subira ya namna hiyo. Mwaka wa 2017 mtu aliweka kwenye npm paketi iitwayo crossenv. Paketi ya kweli inaitwa cross-env, yenye kistari katikati. Aliyesahau kistari alishusha ile ya uongo, nayo ilifanya kazi kama ile ya kweli, ila ilichukua maneno ya siri na funguo zilizowekwa kwenye mazingira ya mashine na kuzituma kwa mwizi. Ilikaa pale karibu wiki mbili kabla ya kuondolewa. Sasa kumeongezeka hatari nyingine: vijana wanauliza vyombo vya akili ya kubuni jinsi ya kuandika kode, na vyombo hivyo mara nyingine hutaja, bila haya, jina la paketi ambayo haipo kabisa. Mtu mbaya akijua jina hilo hutajwa mara kwa mara, anaweza kwenda kuliandikisha ghalani na kuweka sumu yake ndani, akakaa kusubiri.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu na ya bitcoin, na kwamba hakuna mwizi wa California atakayehangaika na kambi ya Kivu. Hoja hiyo inasikika vizuri, lakini haisimami. Kwanza, paketi haina mpaka wala haiulizi viza. Inayoshuka San Francisco ndiyo inayoshuka Katindo. Pili, mwizi wa namna hii hachagui. Tarehe 8 Septemba 2025, mtunzi mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi alipokea imeli iliyofanana na ya npm, ikimwambia abadilishe ulinzi wa akaunti yake. Ilikuwa ya uongo. Alipoingiza alama zake, wezi wakachukua akaunti na kuchafua paketi 18, zikiwemo chalk na debug, ambazo kwa pamoja hushushwa zaidi ya mara bilioni 2 kwa wiki. Kode yao ilikuwa inakaa ndani ya ukurasa wa intaneti na kungoja mtu atume pesa za mtandao. Akituma, inabadilisha anwani ya mpokeaji na kuweka ya mwizi, tena ikichagua anwani inayofanana kwa macho na ile ya kweli. Iligunduliwa ndani ya saa chache na hasara ilikuwa ndogo.

Mbinu hiyo inastahili kutafakariwa Goma kuliko mahali pengine. Tangu banki zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, watu wengi wa mji huu wameshikilia maisha yao kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Mshahara wa mwalimu, dola 20 za ndugu aliye Kampala, pesa za msaada kwa mama mwenye watoto sita, vyote vimepita kwenye telefone. Kijana anayetunga aplikasio ya duka au ya AVEC na kuunganisha malipo ya telefone ndani yake amebeba nambari za watu. Kode inayoweza kubadilisha anwani ya bitcoin haishindwi kubadilisha tarakimu za nambari ya telefone.

Tatu, na hili ndilo zito, mali inayoibiwa si pesa tu. Orodha ya waliokimbia vita ina bei yake. Jina la kijiji na jina la ukoo vinaweza kumweleza mtu kabila la familia. Nambari ya telefone inaweza kueleza familia iko wapi leo. Katika nchi yenye amani, orodha ikiibiwa watu hupokea matangazo ya kuudhi. Hapa kuna watu waliokimbia mtu fulani, kwa jina, na mtu huyo bado anawatafuta.

Na orodha za namna hii zimekwisha kuibiwa. Tarehe 18 Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, iligundua kwamba watu wasiojulikana wameingia kwenye serveri zenye habari za watu zaidi ya 515,000. Walikuwa watu waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita, uhamiaji na maafa, waliopotea na familia zao, na waliofungwa gerezani. Habari hizo zilikusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Mwezi Mwekundu vya nchi zisizopungua 60. Wezi walikuwa wameingia tangu tarehe 9 Novemba 2021. Walikaa ndani siku 70. CICR ililazimika kuzima mifumo hiyo, na kazi ya kuunganisha watoto na wazazi wao ikarudi nyuma.

Waliingiaje? Si kwa paketi yenye sumu, na inafaa kusema hivyo wazi. Waliingia kupitia tundu katika programu ya kampuni nyingine iliyokuwa kwenye mifumo ya CICR, programu ya kusimamia maneno ya siri. Kampuni ilikuwa imekwisha kutoa dawa ya kuziba tundu, lakini dawa haikuwekwa kwa wakati. CICR yenyewe ilieleza hivyo hadharani mwezi uliofuata, na ustahili wake usinyimwe: mashirika mengi yangenyamaza. Lakini ikiwa shirika lenye mafundi na pesa kama hilo limeingiliwa kupitia kode ya watu wengine, kashirika kenye ordinateri mbili na kijana mmoja wa mkataba wa miezi mitatu hakana sababu ya kulala usingizi.

Hapa kuna ugumu ambao vijana wanapaswa kuambiwa bila kufichwa. Kisa cha CICR kinasema: usichelewe kuweka toleo jipya. Kisa cha chalk na debug kinasema: usikimbilie toleo jipya, maana waliolikimbilia ndani ya zile saa chache ndio waliobeba sumu. Yote mawili ni kweli. Njia ni kutofautisha. Toleo lililotangazwa kwamba linaziba tundu linalojulikana liwekwe upesi. Toleo jipya la kawaida, lenye rangi mpya na vitu vidogo vya kupendeza, lisubiri wiki moja au mbili. Sumu nyingi hugunduliwa siku za kwanza. Si zote. Ile ya event-stream na ile ya xz zilikaa zaidi ya mwezi kila moja. Kusubiri kunapunguza hatari, hakuimalizi.

Kijana wa Goma ana tatizo lingine ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji: mega ni ghali. Folda ya paketi za JavaScript inaweza kuzidi mega 300, na anayelipa mega kwa siku hawezi kuishusha kila mara. Basi anamwomba rafiki, rafiki anamnakilia kwenye flashi, na flashi inazunguka chuo kizima. Hakuna wa kumlaumu kwa umaskini. Lakini folda iliyozunguka hivyo imepita kwenye mashine kumi zenye virusi, na hakuna anayejua kama bado ni ileile.

Dawa yake ipo na haigharimu mega nyingi. Ghala la npm huandika, kwa kila paketi, alama ndefu ya herufi na tarakimu inayotokana na yaliyomo. Herufi moja ikibadilika ndani ya paketi, alama inakuwa nyingine kabisa. Alama hizo hukaa kwenye faili iitwayo package-lock.json, faili ambalo vijana wengi hulifuta wakidhani ni takataka. Lisifutwe. Na wanaogawana kwa flashi wasigawane folda iliyokwisha kufunguliwa. Wagawane paketi zenyewe zikiwa bado zimefungwa, halafu kila mmoja, mashine yake ilinganishe alama na zile zilizo kwenye faili aliloshusha mwenyewe. Faili hilo ni dogo, linashuka hata kwa koneksio ya shida. Watu wa Python wana njia yao: mmoja anashusha kwa amri ya pip download, wengine wanaweka kutoka kwenye flashi wakiongeza --require-hashes, na pip inakataa paketi yoyote isiyolingana. Mega zinalipwa mara moja, na kila mtu anajihakikishia mwenyewe.

Alama inahakikisha kwamba paketi haikuguswa njiani. Haisemi kama aliyeitunga ni mwaminifu. Kwa hilo hakuna mashine; kuna macho tu. Kabla ya kuweka paketi, jina lisomwe herufi kwa herufi. Iangaliwe ilianza lini, nani anaitunza, na kama mtunzaji amebadilika karibuni. Paketi iliyozaliwa juzi, inayodai kufanya kazi ya paketi ya miaka kumi, iachwe. Paketi nyingi za npm zikiwekwa huruhusiwa kuendesha amri palepale kwenye mashine, na wezi wanapenda sana mlango huo. Amri ya --ignore-scripts inaufunga, na programu nyingi zinaendelea kufanya kazi vizuri. Na kazi inayoweza kuandikwa kwa mistari kumi iandikwe kwa mistari kumi. Kuchukua paketi ya mtu kwa ajili ya kuongeza nafasi mbele ya neno ni uvivu.

Kosa baya kuliko yote ni kuweka orodha ya kweli ya watu kwenye mashine ileile ya majaribio. Vijana wanafanya hivyo kila siku. Wanataka kuona kama aplikasio inasoma vizuri, basi wanachukua orodha halisi ya shirika, yenye familia 2,000, na kuiweka kwenye ordinateri ambayo jioni hutumika kwa filamu na michezo. Majaribio yafanywe kwa majina ya kubuni. Hakuna sababu yoyote, hata ya haraka, ya kuitoa orodha ya kweli mahali pake.

Lakini mzigo wote usiwekwe kichwani mwa vijana. Shirika linalotaka aplikasio kwa dola 150, imalizike Ijumaa, limekwisha kuchagua kwamba hakuna atakayesoma paketi hata moja. Bei hiyo ni ya kuazima na kufunga macho. Mashirika hayohayo huweka gharama ya mlinzi wa ghala la maharagwe kwenye kila mradi, tena walinzi wawili, wa mchana na wa usiku. Ghala la majina halina mlinzi kwenye bajeti. Mfadhili anayedai risiti ya kila gunia anaweza pia kudai karatasi moja yenye orodha ya paketi zilizo ndani ya programu, matoleo yake, na jina la mtu atakayeziangalia mkataba wa mtunzi ukiisha. Swali hilo la mwisho ndilo linalokosa jibu mara nyingi: mradi umefungwa, kijana amehamia Kampala au Kinshasa, na aplikasio inaendelea kukusanya majina bila mtu.

Sheria nayo ipo. Tangu Machi 2023 Kongo ina Kanuni ya mambo ya kidijitali, sheria namba 23/010, inayogusa pia ulinzi wa habari za watu binafsi. Katika eneo lililogawanyika kama hili, anayeibiwa hajui aende kushtaki wapi. Kwa hiyo kinga inayofaa zaidi ni ile ya kabla ya wizi, nayo ni kutokusanya. Aplikasio ya kugawa sabuni haihitaji alama za vidole. Ya kuchanja watoto haihitaji kujua ukoo wa babu. Habari ambayo haikuandikwa, hakuna paketi itakayoiba.

Kwa familia zisizotunga programu yoyote, jambo hili linawagusa kwa mlango mwingine. Telefone nyingi hazipati aplikasio zake kutoka duka rasmi. Zinapewa kwa Bluetooth, au kwenye meza za vijana wanaojaza nyimbo na aplikasio kwa franka chache. Agosti 2021 wataalamu wa Kaspersky walikuta virusi ya Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, aina ya WhatsApp iliyobadilishwa na watu wengine, ambayo vijana huipenda kwa mapambo yake. Virusi ile ilikuwa inaweza kuandikisha mwenye telefone kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Mwenye pesa zake zote kwenye telefone asikubali WhatsApp ya rangi nyingine kutoka kwa mtu yeyote, hata kama ni mtoto wa dada yake.

Na kwenye meza ya kuandikishwa, mama au baba anaweza kuuliza bila ugomvi: alama ya kidole ni ya nini? Orodha hii inakaa wapi, na itafutwa lini? Kama sitatoa jina la kijiji, nitanyimwa unga? Kijana mwenye jile huenda hana majibu. Ayaandike maswali, ayapeleke ofisini, na wiki ijayo arudi nayo pamoja na majibu, kabla ya kufungua tableti.